Lamu ya Ploti Yetu

Wiki jana nilisimama kwenye kichochoro cha Lamu, nikanyoosha mikono, vidole vikagusa kuta zote mbili. Nikamkumbuka Baba, fundi wa mjengo, alasiri aliyorudi kutoka kazini huko nikiwa mtoto. Alisimama vivyo hivyo katikati ya vyumba vya kupanga vya ploti yetu Ruiru, penye harufu ya sabuni na githeri.

"Mji wenyewe uko hivi," akasema.

Nilimhurumia. Kusafiri kote huko, kumbe aliishia kwenye ploti nyingine!

"Na landlodi wao hufungua maji saa ngapi?" nikamuuliza.

Jirani aliyekuwa akianika nguo alicheka mpaka akaangusha shuka. Baba hakucheka, alisema akirudi Lamu atauliza.

Basi wiki jana nikampigia simu pale kichochoroni.

"Baba, niko Lamu."

"Haya, umewauliza maji hufunguliwa saa ngapi?"