Jina la Nne

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ilikuwa na waandishi wa habari wawili, wote wanaume. Wa tatu akawa Antonia Tluway wa kata ya Nangara, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki akiwa na miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwachia siku za chanjo na mikutano ya akina mama. Alikwenda, akaandika kwa mkono, akatuma kwa faksi.

Mwaka uliofuata, siku ya mnada, lori lililobeba watu na mahindi lilipinduka mlimani. Wenzake walikuwa kwenye msafara wa waziri, hivyo Antonia alikwenda hospitali peke yake. Mzee Herieli, mhudumu wa chumba cha maiti, alifunua shuka moja moja akimtajia majina. Alipofunua la nne, Antonia alimtangulia.

“Paskasi Tluway,” alisema. “Miaka ishirini na saba.”

Alikuwa mdogo wake. Akaliandika jina, kisha akaomba aoneshwe wa tano.

Alipiga simu Dar es Salaam kutoka posta na kumsomea mhariri orodha. Mhariri akamkatiza.

“Huyo Tluway ni ndugu yako?”

“Mdogo wangu. Wa tano anaitwa Basil Qamara.”

Mhariri alimwambia amwachie mtu mwingine amalizie. Antonia alijibu kuwa hakuna mtu mwingine, akaendelea kusoma mpaka wa tisa.

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza jina la Antonia likawa juu yake kama mwandishi. Gazeti lilifika msibani, nyumbani kwao Mbulu, likapita mkono hadi mkono mpaka kwa mama yake.

“Ulimwandika kabla hujaja kuniambia?”

“Ndiyo, mama.”

Mama akalikunja gazeti. Kwa siku tatu Antonia alipakua chakula, akaosha sufuria, akangoja kulia. Machozi hayakuja.

Aliporudi Babati, hakupewa tena siku za chanjo. Kila ajali ikawa yake, kwa miaka kumi na tisa.

Scola, binti wa kata ya Maisaka aliyejifunza kazi kwake, alimuuliza siku moja aliwezaje kuliandika jina la mdogo wake.

“Sikuweza chochote,” alisema Antonia. “Mkono uliandika tu.”

Kisha akamrudishia Scola habari aliyomletea aihakiki. Jina la diwani lilikuwa limekosewa herufi moja.