Mbweu ya Ng'ombe wa Mama

Nyumbani kwetu, ndani kidogo ya Mbezi Luis, asubuhi ilianza na mbweu. Banda lilikuwa chini ya dirisha langu, na nikiwa bado ndotoni ng'ombe wa mama alikuwa akibeua, mbweu ndefu yenye harufu ya majani. Mama, akifagia uani, alimjibia, "Alhamdulillah." Kwao Lindi aliyeshiba na kubeua sharti amshukuru Mungu, na yule hakuwa na namna ya kusema, basi mama akamsemea. Nikishasikia hivyo nalala tena. Sijapata usingizi mtamu kama ule.

Siku moja bwana mifugo alimweleza mama kwamba mbweu zile zina gesi ya methani, inapanda juu na kuizidishia dunia joto. Mama akimchanganyia ng'ombe mafuta kidogo ya alizeti kwenye pumba, gesi itapungua.

"Kumbe joto lote hili namie nimo?" mama akauliza. Lilimkaa moyoni kweli.

Tatizo ni mkono wake. Mama yangu na mafuta, jamani! Pilau yake inang'aa utadhani imepakwa vaselini, na kwake kubania mafuta ni kumvunjia mgeni heshima. Alimimina mpaka pumba ikawa inateleza. Nilimwambia yamezidi.

"Huyu kanilea tangu baba yako afariki," akanijibu. "Leo nimbanie mafuta?"

Asubuhi zikawa kimya. Mwanzoni alifurahi, akaniambia dawa imefanya kazi. Kisha tukaona pumba imebaki vilevile, na ng'ombe amelala, taya limetulia, hacheui. Niliogopa. Nilimwogopea ng'ombe, lakini zaidi nilimwogopea mama.

Bwana mifugo alirudi, akamkandakanda ng'ombe ubavu. Akasema mafuta yamewalemea vijidudu wa tumboni wanaosaga majani, sasa tumbo limegoma. Asipewe mafuta tena, apewe majani makavu na maji, atembezwe. Akipona, mafuta yapimwe kwa kijiko, si kwa upawa.

"Atapona?" mama akauliza.

"Tumwangalie, mama."

Siku zilizofuata nazikumbuka kama mtu aliyeziota. Mama alikaa bandani juu ya kigoda, kiganja kimetulia kwenye tumbo lile kubwa, anasikiliza. Alfajiri alifagia bila neno, na mimi nililala macho, nikiusikiliza ufagio tu. Ukimya ule niliuchukia.

Halafu alfajiri moja ikaja, nyembamba, kama ya mtu anayeona haya: mbweu. Nikangoja mama ajibu. Kimya. Nikafungua dirisha.

Mama alikuwa amesimama katikati ya ua, ufagio umeanguka miguuni, khanga ameibana mdomoni. Analia, hawezi kusema kitu. Bandani taya lilikuwa linakwenda polepole, huku na huku.

"Alhamdulillah," nikasema mimi, kutoka dirishani.