Poster ya bendi yetu imemliza dada yangu

Jameni, mimi sijakufa. Niko hapa Keumbu, mzima.

Poster ya shoo yetu ya Jumamosi nilipanga mwenyewe. Picha yangu peke yangu, kubwa, maua pande zote. Kwani nani hapa anapiga obokano, zeze letu la Kisii, kunishinda?

Msichana wa saiba, anayetuchapia, alinionya. "Mzee, hii inakaa tangazo la matanga."

Nikamwambia, "Wewe chapa tu!"

Leo dada yangu Kemunto ameona poster zimebandikwa huko Gesima, akaja akipiga nduru, akanikuta nakula ndizi. Akakaa chini kwa vumbi.

"Ndugu yangu, nimekulilia njia yote!"

Nilikosa pa kuweka uso.

Nimezibandua zote. Msichana wa saiba, chapa nyingine, weka bendi yote. Mimi niweke nyuma, lakini nikicheka.

Nani mwingine alilia? Semeni tu.