Augustino hazami bila ufunguo wa swichi mfukoni

Saa mbili asubuhi, chini ya ghorofa moja la Mchafukoge, Augustino Mnali amekaa kwenye mdomo wa tangi la maji, amevaa bukta na tochi ya kichwani. Hajaloa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzamia, hiyo peke yake ni habari.

Tangi limejengwa ardhini na kugawanywa vyumba kwa kuta za zege. Ndani ni giza tupu. Mzamiaji hupenya matundu yanayomtosha kwa shida, akivuta hewa kwa mpira uliounganishwa na kompresa, azoe tope na kuzibua bomba linalofyonza maji kwenda juu. Tangi lingeweza kukaushwa kwanza, lakini wenye majengo wanasema wapangaji watalalamika. Basi anaingizwa mtu.

Augustino, miaka arobaini na mbili, ni mtu wa Rutamba, Lindi, na kuzamia alijifunza ziwani kwao. Kazi hii ya Kariakoo na mitaa ya jirani ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Tangi moja humpa shilingi elfu sitini, na hizo anagawana na Hamis, mshika kamba wake.

“Kule chini hatuongei,” anasema. “Hamis akitaka nitoke, anagonga bomba kwa spana. Mlio unanifikia majini. Kwa hiyo sikio ndiyo roho yangu.”

Sikio la kushoto limeshakufa.

Wazamiaji wa hapa wana desturi wanayoiita kulisha sikio. Kabla ya kuzama, mtu humimina mafuta ya nazi ya uvuguvugu sikioni, kisha anaziba kwa pamba, akiamini maji hayatapita. Augustino alifanya hivyo miaka yote. Masikio yakawasha, yakatoa usaha, naye akawa anayachokonoa kwa njiti ya kiberiti na kuzama tena.

“Yale maji yametulia, yana joto, yana vijidudu,” anasema Daktari Evelyn, aliyemtibu. “Mafuta na pamba vinafungia uchafu humo humo. Na yeye ngoma ya sikio la kushoto ilishatoboka.”

Alimkataza kugusa maji mpaka masikio yapone. Akamwambia ukitoka majini inamisha kichwa, maji yachuruzike, ufute kwa nje tu kwa taulo safi. Hakuna njiti. Hakuna mafuta. Sikio likiuma au likitoa usaha, hakuna kuzama.

Aliyafuata masharti hayo. Miezi yote aliyokaa bila kuzama, mke wake, Violeth, aliilisha nyumba kwa maandazi. Sikio la kulia likapona vizuri. La kushoto tundu lilijifunga, lakini usikivu haukurudi.

Kilichompeleka kwa daktari hakikuwa maumivu. Mwaka jana, kwenye jengo jingine, mtu aliwasha pampu Augustino akiwa ndani. Hamis aligonga bomba mpaka mkono ukafa ganzi. Augustino, masikio yote yamevimba na kuzibwa pamba, hakusikia kitu. Bomba likamfyonza mkono, na Hamis akamtoa kwa kuvuta kamba. Kovu linaanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Unajua msimamizi wa jengo lile alisema nini? Alisema, “Si mligonga lakini?”

Hivi tumefika hapo? Mtu anaingia gizani ili sisi wengine tukifungua bomba maji yatoke, halafu uhai wake unaachiwa spana, wakati swichi iko ukutani na inazimika kwa kidole kimoja!

Leo amekuja na kufuli. Anataka pampu izimwe, swichi ifungwe, ufunguo akae nao yeye. Msimamizi, Robert, hataki hata kusikia.

“Bro, juu kuna saluni, kuna mgahawa, nikizima maji yanakatika. Wewe zama, swichi naikalia mimi mwenyewe.”

“Hata yule wa mwaka jana alisema ataikalia.”

Robert anapiga simu. Haupiti muda anaingia Goodluck, mzamiaji mwingine, kijasho kikimtoka.

“Shikamoo kaka Augustino.”

“Marahaba.”

Goodluck anavua shati na kutoa kichupa cha mafuta.

“Hayo usitie,” Augustino anamwambia. “Na bila ufunguo usiingie.”

“Kaka, nina kodi ya nyumba.”

“Hata mimi nilikuwa nayo. Njoo, niite upande huu.”

Anaziba sikio la kulia kwa kiganja na kugeukia tangi. Goodluck anamwita kwa sauti ya kawaida. Anamwita tena, safari hii kwa nguvu mpaka ukuta unaitikia. Augustino anatazama maji tu. Goodluck anarudisha kichupa mfukoni na kuvaa shati lake.

“Nataka wote tunaozama mitaa hii tukubaliane,” Augustino anamwambia. “Bila ufunguo, hakuna anayelowa. Wakimwita mwingine, wakute naye kakataa.”

Robert ana wazamiaji wawili sakafuni na hana hata mmoja majini. Anasonya, anazima pampu. Kufuli linafungwa, ufunguo unaingia mfukoni mwa bukta. Dakika chache tu, kelele zinaanza juu. Mwenye saluni anapayuka kwamba mteja wake ana povu kichwani.

“Unasikia wanavyokutukana?” Robert anauliza.

“Nasikia,” anajibu Augustino, akikaza kamba kiunoni, Hamis kashika ncha ya pili. “Nasikia vizuri sana.”

Anateremka majini.