Beberu wa Kianjai

Nilipoteuliwa kuketi katika mahakama ya kijeshi, nilimpigia mama simu huko nyumbani Mitunguu kabla hata ya kumwambia mke wangu. Nilikuwa meja, na sikuwahi kuamua kesi. Nilimweleza kwamba anayeongoza ni hakimu aliyesomea sheria, lakini sisi maafisa tunaoketi naye ndio tunaosema kama askari ana hatia au hana. Jumapili hiyo mama akasimama kanisani, akaomba niombewe. Habari zikasambaa.

Nilijiona nafaa kabisa. Afisa haruhusiwi kumhukumu askari aliye chini yake, wala aliyemchunguza, wala jamaa yake. Mshtakiwa alikuwa koplo wa kikosi kingine, kijana wa Kianjai aliyedaiwa kuacha lindo. Sikuwahi kumwona.

Siku ya kesi tuliingia na sare za sherehe. Kabla hatujaapa, hakimu alimsomea koplo majina yetu na kumuuliza kama kuna yeyote asiyemtaka. Wengi hujibu hapana. Yeye alininyooshea mkono.

"Afande meja pale. Simtaki."

"Kwa nini?"

"Mamangu alipeleka beberu kwao. Ameniambia jana tu alipokuja kuniona. Nikiachiliwa, watu watasema nilinunua kesi. Mimi nataka kusikizwa tu."

Wakili wake alimvuta mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Hakimu akanigeukia. "Meja, una habari?"

"Sina, mheshimiwa."

Ulikuwa ukweli, ila masikioni mwangu ulisikika kama uongo wa mwizi. Niliambiwa nitoke. Nilipita mbele ya wenzangu medali zikigongana kifuani, na afisa wa akiba akakaa kwenye kiti changu kabla sijafika mlangoni.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Beberu alikuwa amefungwa kwenye migomba, amenenepa.

"Mama, huyu ametoka wapi?"

"Kuna mama wa Kianjai alimleta. Alilia hapa mpaka na mimi nikalia."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Alisema tu umwangalie mtoto wake kama binadamu. Nikaona hilo si la kumwambia mtu niliyemlea mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, yote yaliniishia. Nikamweleza yaliyonipata mahakamani. Alijifunika uso kwa leso.

"Kumbe nimekuvua nguo mbele ya watu," akasema.

Tulimpakia beberu kwenye pikapu, tukaenda Kianjai sote wawili. Mama wa koplo alikuwa anaanika maharagwe uani. Alipotuona tukimshusha mnyama wake, alipiga mayowe. "Wamemfunga! Wamemfunga mtoto wangu!" Majirani wakaja mbio. Mama yangu akamkumbatia, nami nikabaki nimeshika kamba, mtu mzima na cheo chake, watu wote wakinitazama.

"Kesi bado, mama," nilimwambia. "Siko tena kwa hiyo kesi. Ndiyo maana narudisha."

Alipangusa macho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Kwani ulikuwa unataka wangapi?"

Kila nililotaka kusema lingesikika kama la mtu anayepandisha bei. Mama yangu ndiye aliyejibu, kwa Kimeru, kwamba hatutaki kitu, lakini niliona yule mama haamini. Alimfunga beberu karibu na mlango, kama mtu ambaye huenda akamhitaji tena.

Koplo hakupatikana na hatia. Afisa aliyekalia kiti changu aliniambia kwamba askari aliyekuwa zamu na koplo alianguka kifafa, naye koplo akambeba hadi zahanati bila kungoja ruhusa. Maafisa waliona kwamba hata wao wangefanya hivyo.

Nilikutana na koplo miezi kadhaa baadaye, nje ya duka la kambi. Alikaza mwili, akanipigia saluti safi. Nilitaka kumuuliza habari za mama yake. Nikaitikia saluti, nikapita nikiangalia chini.