Senene wa Muleba, Wino wa Mwanza

Niliondoka Kimuli nikiwa nimechelewa. Daktari wa Mwanza alikuwa ameniingiza kamera, akaona uvimbe mdogo kwenye utumbo mpana. Kipande kilipopimwa ikawa ni saratani. Akaagiza nirudi baada ya wiki mbili. Mimi nikangoja kahawa yote ivunwe, miezi mitatu. Mke wangu, Mama Kemi, nilimwambia nasumbuliwa na bawasiri. Aliyejua ukweli ni binti yetu Kemi tu, naye nilimwapisha asiseme.

Kihanga, alfajiri. Kemi ameolewa huko, na nililala kwake. Aliniamsha na chupa ya chai ya rangi.

"Shikamoo baba. Leo ni chai na maji tu. Utumbo uwe safi, kesho daktari aweke alama, keshokutwa apasue."

"Marahaba. Nimesikia."

Tulipanda basi pamoja, na baada ya Kyaka sikuweza kutulia kitini. Kila kituo nilimuuliza kondakta tumebakiza saa ngapi.

"Mzee, hata ukiuliza mara kumi, Mwanza haitusogelei," akasema, na abiria wakacheka.

Muleba, karibu saa sita. Kemi alishuka kwenda chooni. Akina mama wakazunguka madirisha na senene wa kukaanga, wale panzi wetu, msimu ukiwa umechanganya.

"Babu, onja. Wa leo hawa!"

Nikaonja. Kisha nikanunua kikopo, nikakimaliza kabla Kemi hajarudi, nikafuta mafuta mdomoni kwa mkono wa koti.

Mwanza, jioni, nyumba ya wageni. Nilipaswa kunywa majagi mawili ya dawa ya kusafisha tumbo. La kwanza lilinikimbiza chooni. La pili nililimwaga kwenye sinki Kemi alipokuwa akisali.

Asubuhi, hospitalini. Daktari alinieleza taratibu. Angepasua kwa matundu madogo, akitumia kamera na vyuma virefu, kwa hiyo vidole vyake visingegusa utumbo. Kwa nje utumbo wote unafanana, na uvimbe mdogo hauonekani. Ndiyo maana angechoma wino mweusi ukutani mwa utumbo, karibu na uvimbe, ili doa lionekane kutoka nje.

Hilo nililielewa. Mgomba wenye mnyauko huwa naufunga kamba kabla ya kwenda kuchukua panga. Mwaka mmoja nilidharau kufunga, nikakata mizima na kuuacha mgonjwa.

"Na alama ikikosekana?" nikauliza.

"Nitalazimika kulifungua tumbo lote nitafute kwa mkono. Kwa umri wako, sipendi tufike huko."

Nililazwa ubavu wa kushoto, nikiwa macho. Kamera ilikwenda kidogo, ikasimama. Muuguzi, msichana wa Bukoba, akainama mbele ya kioo cha kamera.

"Daktari, kile kina miguu."

"Miguu?"

"Jamani, ni senene! Babu, umetuletea senene?"

Yeye alicheka. Daktari hakucheka. "Nikichoma wino mahali nisipopaona, kesho nitakata penye uzima na kupaacha penye ugonjwa," alisema, akaitoa kamera.

Kemi akaitwa. Ningeweza kusingizia chakula cha juzi, na uongo huo ulishafika kwenye ulimi. Lakini nikaukumbuka ule mgomba.

"Nilikula Muleba, ulipokwenda chooni," nikasema. "Na jagi la pili nililimwaga."

Kemi aliugeuza mkono wa koti langu alilokuwa amelishika, akayaona mafuta. Kisha akasema, "Na wala hukunibakizia."

Daktari alitupa nafasi moja: ninywe dawa upya, alama iwekwe kesho yake alfajiri, na siku hiyohiyo nipasuliwe, wa mwisho kwenye orodha. Nikichafua tena, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Siku hiyo Kemi alikaa mbele yangu kama askari, na majagi yote mawili nikayanywa hadi tone la mwisho.

Safari hii njia ilikuwa nyeupe. Kwenye kioo niliona sindano ikichoma, ukuta ukavimba kama lengelenge, kisha ukawa mweusi. Sikuhisi chochote.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilikuwa na vidonda vidogo vinne, na kimoja kirefu kama kidole. "Doa lilikuwa likituita," daktari alisema. Uvimbe ulikuwa umetoka, ila majibu ya maabara, kujua kama saratani ilikuwa imeanza kusambaa, ningeyangoja. Nikauliza kama ile miezi mitatu imeniharibia. Akasema hajui bado.

Wakati wa kurudi, pale Muleba, Kemi alinunua senene, akakifungia kikopo kwenye mkoba wake, akaukalia.

Kimuli, jioni. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Nikaketi polepole, nikasema, "Mama Kemi, haikuwa bawasiri."

"Najua. Nguo zako anafua nani?"

"Uliiona damu? Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza mara mbili. Ukasema umekalia kahawa mbivu." Akaendelea kumenya. "Kahawa gani hiyo, Baba Kemi, inaiva Februari?"

Nimejifunza kwamba alama ilikuwepo nyumbani kwangu kabla ya wino wa Mwanza, na aliyeiona alikuwa akisubiri niseme. Majibu bado hayajaja. Simu ikilia tunasimama wote wawili.