Mkuki Kando ya Dira

Mwaka 1976 hakuna aliyenichosha pale ofisini Mbeya kama Damari, binti wa Igowole aliyekuwa akikokotoa na kuchora ramani za vijiji. Mimi nilikuwa mpimaji, na vipimo vyangu havikuwa na kasoro. Ndivyo nilivyojidanganya.

"Ndugu Selestini, mpaka wako wa Usangu haufungi," aliniambia. "Tunaanzia jiwe la kwanza, tunazunguka kijiji kizima, halafu tunaishia mita arobaini kando ya jiwe lile lile."

"Kagua mashine yako."

Aliikagua. Alizungusha mkono wa kile kikokotozi mpaka akaota malengelenge, jibu halikubadilika. Mkubwa wetu alikwisha kusema: mpaka usipofunga kufikia Ijumaa, utatumika mchoro wa zamani. Na mchoro huo ulikiacha nje ya kijiji kisima cha Mzee Nkuba, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Alikichimba kwa mikono yake mwenyewe.

Damari akaugawa mpaka vipande vipande. Kila mstari niliupima kwa dira kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo vipimo viwili vilipaswa kukubaliana. Vilikubaliana vizuri hadi kituo cha nane. Kuanzia cha tisa hadi cha kumi na mbili vikagombana.

"Kituo cha tisa palitokea nini?"

"Hakuna. Mzee Nkuba alijiunga nasi tu, atulinde na simba."

Jumatano tukapanda Landrova. Nilinuna njia nzima.

Pale kituo cha tisa nikasimika dira, sindano ikatulia. Mzee Nkuba akaja anatabasamu. Kwake ilikuwa utovu wa adabu kumsalimia mgeni ukiwa na silaha mkononi, basi akauchomeka mkuki wake ardhini, kando kabisa ya miguu ya dira, kama alivyofanya safari ile kila tuliposimama.

Sindano ikahama.

"Shikamoo baba," Damari alisema, macho yake hayabanduki kwenye dira. "Naomba mkuki uupeleke kule mbali. Chuma kinavuta sindano hii."

Mzee, aliyekwisha kusikia habari za mchoro wa zamani, alielewa kabla yangu. Uso ukamshuka. "Kumbe ni mie mwenyewe nilikuwa nakitoa kisima changu nje?"

"Hapana baba. Kuangalia dira ni kazi ya mpimaji."

Hakunitazama aliposema hivyo. Afadhali angenitukana.

Tulivipima upya vituo vyote vinne, na Ijumaa mpaka ukafunga, kisima kikiwa ndani. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ile Jumatano. Mzee aliurudisha mkuki nyumbani, kisha akatutangulia kwenye majani marefu kama kawaida yake, mikono mitupu. Tulipofika kituo cha kumi na moja aibu ilinizidi, nikampita, nikatangulia mimi. Hadi kituo cha kumi na mbili nilikuwa nikitafuta simba katika kila jani lililotikisika.